NILISEMA "SAWA"

Aisifuye mvua imemnyea. Habari hii ninayotaka kuwasimulia sikuisoma kitabuni. Ilinipata nyumbani, usiku, mama mzazi akisikia. Mhariri wa jarida letu aliponijia akitaka chochote cha kujaza kurasa, nadhani alitarajia shairi au hadithi ya sungura na fisi. Atanisamehe. Nitaandika juu ya kadi za mtandao, na juu ya neno moja dogo nililolitamka upesi mno.

Kaka yangu ni fundi wa kompyuta. Ana kibanda karibu na stendi ya matatu, na kazi isiyokwisha mchana huibeba hadi nyumbani akaiendeleza juu ya meza ile ile tunayolia chakula. Nami, nikishamaliza kazi ya ziada ya walimu, huketi ubavuni pake nikitazama. Ndivyo nilivyojifunza lugha ya C, kwa kuchungulia. Tangu likizo ya Aprili tuna mapatano: akibadilisha msimbo wowote wa kazi yake, hautumii mpaka mimi niusome kwanza nikiri kwamba nimeuelewa. Badiliko kama hilo tunaliita kiraka. Chini ya kila kiraka huandikwa "Kimekaguliwa na", kisha jina. Mapatano haya hakuyabuni yeye. Aliyatoa kwa watengenezaji wa Linux, ule mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Msimbo wa Linux uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, na mabadiliko yake hubeba jina la aliyeandika na mara nyingi jina la aliyekagua.

Sasa nianze na radi. Mapema mwaka huu ilipiga karibu na chuo kimoja kidogo cha kompyuta mjini kwetu, ikapita kwenye nyaya za mtandao na kuunguza milango ya waya ya mashine 22. Mashine zenyewe zilipona, ila zikawa kama mtu mwenye akili timamu aliyepoteza sauti. Wenye chuo wakamwomba kaka awatafutie kadi za mtandao za kuchomeka ndani. Kaka hakuwa na mtaji. Mama akamkopea katika chama chake cha akina mama shilingi 14,400, naye akapanda matatu hadi Nairobi, akarudi na kadi 24 za mitumba, kila moja shilingi 600. Muuzaji alimwapia kwamba zote ni nzima. Wauzaji wa mitumba huapa.

Utajuaje kwamba kadi ya mtandao ni nzima? Hapa inanibidi niwaeleze wenzangu jambo moja. Kila kifaa ndani ya kompyuta kina programu ndogo inayokiongoza, iitwayo draiva. Msiichanganye na dereva wa matatu, ingawa dereva mbaya na draiva mbaya wote watakufikisha pabaya. Draiva ya kadi zile katika Linux inaitwa e1000, na ndani yake mna jaribio ambalo kadi hujifanyia yenyewe. Mimi kwa Kiswahili changu nimeliita jaribio la mwangwi. Ukisimama bondeni ukapaza sauti, mlima hukurudishia maneno yako. Kadi nayo huamriwa ifunge njia ya kwenda nje na kukiunganisha kinywa chake na sikio lake. Halafu inatuma pakiti za data. Hakuna waya, hakuna kompyuta nyingine, hakuna jirani. Kinachotoka ndicho kinachotakiwa kuingia.

Pakiti hizo zina baiti 1024 kila moja na hutumwa 64 kwa mkupuo. Hazina maneno ya maana. Nusu ya kwanza imejazwa baiti ya FF, ambayo kwa namba za kompyuta ni moja nane mfululizo. Nusu ya pili imejazwa AA, yaani moja na sifuri zikipokezana. Katikati ya hizo AA zimepandwa baiti mbili za kipekee, BE na AF, kama alama anazochanja mfugaji kwenye sikio la ng'ombe wake. Baada ya kutuma, draiva hulala kidogo, milisekunde 200, kisha huenda kuangalia kilichorudi. Nilipousoma msimbo huo mara ya kwanza nilishangaa: kati ya baiti zote 1024 inaangalia tatu tu! FF moja upande wa mwanzo, ile BE na ile AF. Zikiwepo hizo, pakiti ni njema. Pakiti 64 njema zisipotimia, jibu ni 13. Zikitimia kwa kuchelewa, jibu ni 14. Kila kitu kikiwa sawa, jibu ni 0. Ndiyo, huku sifuri ndiyo alama ya juu, na ninawajua wenzangu kadhaa katika darasa la Hisabati ambao wangeng'ara.

Jaribio hilo lilikuwa na jambo lililomkera kaka: linahesabu pakiti njema bila kuuliza ni zipi. Kwa hiyo katika likizo ya Aprili alitengeneza nakala yake ya draiva na kuandika kiraka cha kwanza, ambacho kiliipa kila pakiti namba yake, toka 0 hadi 63, na kuiwekea alama inaporudi. Nilikikagua siku mbili nzima. Na nikakamata kosa! Zile alama hazikuwa zinafutwa kati ya mkupuo na mkupuo. Mwajua daftari la mahudhurio la darasa? Fikirini mwalimu wa zamu anatumia ukurasa wa Jumatatu mpaka Ijumaa bila kufungua mpya. Aliyekuja Jumatatu akatoroka Jumanne ataonekana yupo, kwa sababu alama ya jana bado ingali pale. Ndivyo ilivyokuwa. Kadi ingeweza kufa katika mkupuo wa pili na jaribio lingeendelea kusema wote wapo. Kaka alinipiga begani, akasema, "Wewe sasa ni fundi." Nami, sitaficha, kichwa kilivimba. Nilitembea shuleni wiki nzima nikijiona kama nimeandika Linux yote peke yangu.

Kumbe mchezo haujaanza. Kadi zilipofika, kaka alizijaribu moja moja kwa ile nakala iliyosahihishwa. Kumi na mbili zilitoa 0. Kumi na mbili nyingine zilitoa 13. Hesabu ya pakiti zilizorudi ilikuwa ya kuhuzunisha: hii 63, hii 58, hii 41. Nusu ya pesa za chama cha Mama ilikuwa imelala mezani, katika mifuko ya nailoni, na kila moja imeandikwa 13 kwa kalamu nyekundu. Kaka hakumwambia Mama. Mimi pia sikumwambia, maana si kazi yangu.

Jioni ya pili akanijia na kiraka kipya.

"Mdogo wangu, hebu kipitie hiki mara moja. Ni usafi tu. Nimechoka kuona namba 64 imetapakaa kila mahali, nimeipa jina."

Kilikuwa na mistari 41. Na kweli kilikuwa usafi. Kila palipokuwa na 64 sasa paliandikwa IDADI, na juu kabisa ilielezwa kwamba IDADI ni 64. Hilo ni jambo jema, kwa sababu ukitaka kubadilisha idadi siku moja utabadilisha pahali pamoja tu. Nikasoma mstari wa kwanza, IDADI. Wa pili, IDADI. Wa tano, wa sita, IDADI, IDADI. Nikaona pia kwamba kikomo cha kuchelewa kimesogezwa mbele, nikasema moyoni, haya, ni muda tu. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa Kemia na sikuwa nimegusa sura ya chumvi. Macho yakateleza hadi chini kama mtoto anayeteleza juu ya mgomba.

"Sawa," nikasema.

Kaka akaandika jina langu.

Nilikuwa nafunga mkoba nilipomsikia akicheka peke yake. "Zimepona!" Nikageuka kutazama kioo. Kulikuwa na mstari mmoja ambao mpaka leo nikifumba macho nauona: zimerudi 41, jibu 0.

Moyo ukanidunda. Arobaini na moja si sitini na nne. Hata mtoto wa chekechea anajua. Nikauliza kama naweza kukiona kiraka tena. Kaka akasema nimeshakisoma. Nikasema najua, nataka kukiona tena. Na pale, kwenye mstari wa ishirini na tisa, katikati ya zile IDADI zote zilizofanana kama sare za shule, palikuwa na IDADI moja ambayo mbele yake paliandikwa: gawanya kwa 2. Zamani mstari huo ulisema, kama pakiti njema si 64, kadi imeanguka. Sasa ulisema, kama pakiti njema hazifiki nusu, kadi imeanguka. Na kile kikomo cha muda nilichokipuuza ndicho kilichokuwa kinamfungulia mlango, kwa kuwa kadi inayopoteza pakiti hungojewa mpaka muda uishe, na bila kusogeza kikomo ingekamatwa na 14. Mistari miwili kati ya arobaini na mmoja. Ile thelathini na tisa ilikuwa kweli ni usafi.

Sijui kama alikusudia kuificha. Nimejiuliza sana. Nafikiri alikuwa anasafisha, akafika pale, akaona kadi kumi na mbili mezani, mkono ukaandika.

"Kaka, hapa umegawanya kwa mbili."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulisoma? Wewe mwenyewe ulisema sawa."

Hilo lilinichoma kuliko kofi, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilitamani kunyamaza. Yeye ni mkubwa wangu, ndiye aliyenifundisha kila nilichokijua kuhusu kompyuta, na mkubwa hukosolewi hivi hivi katika nyumba yetu. Isitoshe, nilikuwa nimeshatamka. Ni rahisi mara mia kumwambia mtu "hapana" mara ya kwanza kuliko kurudi kuliokota "sawa" lako lililokwisha anguka chini.

Lakini jina langu lilikuwa pale.

Kaka akaanza kunieleza, tena kwa upole. Kompyuta yake ya kujaribia ni kuukuu, akasema, haiwezi kuzimudu pakiti zote kwa wakati. Kadi ni nzima, mashine ndiyo nzito. Nikachukua daftari la Fizikia nikageuza nyuma, kwenye ukurasa mtupu. Pakiti 64, mara baiti 1024, mara biti 8, ni biti 524,288. Katika jaribio hilo kadi hujiendesha kwa kasi ya biti bilioni moja kwa sekunde. Gawanya: ni kama nusu ya milisekunde. Draiva inangoja milisekunde 200. Muda wa kungoja unazidi muda wa kutuma zaidi ya mara 380!

"Hiyo ni kadi," akasema. "Na njia ya ndani ya kompyuta je?" Ni swali la kifundi hasa, sikulidharau. Njia ya PCI ya mashine kuukuu kama ile hupitisha hadi baiti milioni 133 kwa sekunde. Pakiti zote pamoja ni baiti 65,536. Kwenda ni nusu milisekunde, kurudi ni nusu nyingine. Hata njia hiyo ingekuwa nzito mara kumi ya hivyo, muda ungebaki tele. Tena jibu tangu mwanzo lilikuwa 13, si 14. Kadi zenyewe hazikusema "tumechelewa". Zilisema "hatujatimia".

Akanyamaza kidogo, kisha akaleta hoja ambayo ndiyo ilinitisha, kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Mtandao, akasema, umezoea kupoteza pakiti. Pakiti ikipotea njiani, kompyuta iliyotuma huituma tena. Wanafunzi wa chuo hawatagundua chochote ila uzito kidogo, na nani katika Kenya hii hajazoea intaneti nzito?

Ni kweli pakiti hutumwa tena. Lakini hizo ni pakiti zinazopotea njiani, kwenye waya uliobanwa na mlango au kwenye msongamano wa wengi. Hizi za kaka hazikwenda njiani. Zilitoka kinywani na kuingia sikioni mwa kadi ile ile, bila waya, bila jirani, na bado 23 hazikufika. Ukimwona mtu anasahau sentensi yake mwenyewe kabla hajaimaliza, utamtuma sokoni? Ndivyo nilivyomwambia. Sauti yangu ilikuwa imepanda bila mimi kujua.

"Kwani kuna nini huko?" Mama akauliza. Alikuwa akichambua maharagwe mlangoni.

Hakuna aliyejibu.

"Zile kadi ni nzima au si nzima?"

Kaka akatazama meza. "Zingine," akasema.

Mikono ya Mama ilisimama juu ya ungo. Nilifikiri atauliza ni ngapi, lakini hakuuliza. Aliendelea kuchambua, punde kwa punde, na nilitamani angefoka.

Nikamwambia kaka polepole, "Ukitaka kuacha kile kiraka, kiache. Duka ni lako. Lakini futa jina langu."

Alikaa kitambo. Kisha akavuta kibodi, akafuta lile "gawanya kwa 2", akarudisha kikomo cha muda mahali pake, akanigeuzia kioo. "Soma," akasema, "sasa soma vizuri." Nikaisoma mistari yote 41, mmoja mmoja, kidole juu ya kioo, hadi saa tano ya usiku. Kemia nilipata 38, na mwalimu wangu atakaposoma ukurasa huu atajua sababu.

Asubuhi yake kaka ndiye aliyetukomboa, si mimi. Ninyi mnaopenda vitabu vya msimbo msifikiri kusoma kunatosha. Mimi nilikuwa nimethibitisha kwamba kadi zina kasoro, basi. Yeye aliuliza ni kasoro gani. Alizichukua zile kumi na mbili, akazielekeza juani, akaona meno yake ya kuchomekea yamefifia na kushika uchafu mweusi. Akaniomba raba yangu ya kufutia penseli. Alisugua meno ya kila kadi kwa raba, akayapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akazirudisha kwenye mashine. Ya kwanza: 64. Ya pili: 64. Nilipotoka shuleni saa kumi nilikuta amemaliza. Nane zilikuwa zimepona kabisa, mkupuo baada ya mkupuo, 64 kila mara. Nne zilibaki zimekufa, na ile ya 41 ilikuwa mojawapo.

Ingekuwa hadithi ya kutungwa ningeishia hapo na kadi ishirini njema. Lakini moja kati ya zile zilizotoa 64 tangu siku ya kwanza ilikataa kuona waya. Tundu lake la waya lilikuwa limelegea ndani. Mwangwi wake hurudi kabla ya kufika kwenye tundu, kwa hiyo jaribio letu lisingeweza kulijua hilo hata lingehesabu pakiti milioni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba 0 ya jaribio haisemi "kadi ni nzima". Inasema "nilipoangalia mimi, sikuona kitu".

Kaka alipeleka kadi 19 chuoni kwa shilingi 1,000 kila moja, akawaambia wazi kwamba mashine tatu zingoje. Hawakufurahi. Walilipa baada ya wiki tatu. Chama cha Mama kimerudishiwa chake chote. Kilichobaki si kingi, na kadi tano mbovu zimetundikwa kwenye msumari ukutani kibandani, ile ya 41 ikiwa mbele. Wateja hudhani ni mapambo.

Ninapoandika haya kaka ameniletea kiraka kingine. Kinahusu lile tundu la waya: amekata kipande cha waya wa mtandao, akakifunga kichwa kimoja na kuunganisha pini ya 1 na ya 3, na ya 2 na ya 6, ili pakiti zitoke kweli hadi mlangoni kabla hazijarudi. Ni mistari sita tu. Mitano nimeielewa. Wa sita nimeusoma mara nne na bado sijui kwa nini ameuweka pale, na chai yake inapoa, na ameshauliza mara mbili kama nimemaliza.

Bado, nimemwambia.